Kidole Gumba

Penye jiwe lililopakwa rangi ya manjano,
kando ya barabara ya kusini mwa Bonaire,
baba yangu Ubaldo alitema mate ndani ya miwani yake,
akayasugua kwenye kioo kama nilivyomfundisha.
"Watu wanakulipa," akasema, "ili wajitemee mate?"

Miaka thelathini na minne alisukuma chumvi,
ile milima myeupe nyuma yetu,
mgongo baharini, uso juani.
Bahari kwake ilikuwa kitu cha kukaushwa.
Sasa ana sitini na mitatu na mapezi miguuni,
anaingia majini kinyumenyume,
na punda wawili wasio na mwenyewe
wamesimama kumtathmini.

"Kanuni ya kwanza: usizuie pumzi."
"Na ya pili?"
"Usizuie pumzi."
"Mama yako naye," akasema, "alikuwa na kanuni mbili za namna hiyo."

Tukashuka.
Mita moja: akabana pua, akapuliza,
masikio yakazibuka.
Mita mbili. Tatu. Tano. Mchanga.
Akapiga magoti, yeye ambaye kanisani hukaa nyuma kabisa,
na mapovu yakamtoka mbiombio
kama maneno ya mtu anayebishana na karani.
Nikamshika kiganja. Nikamhesabia kwa vidole:
vuta, mbili, tatu, nne. Toa.
Yakapungua. Yakawa makubwa, ya fedha,
yakipanda moja moja
kwenda kupasukia kwenye dari la mwanga.

Ndipo alipoanza kuona.

Pono, tunayemsingizia usingizi mchana na usiku,
alikuwa macho, anatafuna mwamba:
kra, kra,
sauti tuliyoisikia kwa mifupa ya kichwa.
Kisha akageuka, akanya mchanga,
wingu jeupe, laini, lisilo na haya,
mbele ya pua ya baba yangu.
Mabega yake yakatikisika.
Ukicheka chini ya maji mashavu hujikunja
na miwani huvuja. Ikavuja.
Akaikandamiza juu, akapuliza puani, akaisafisha,
zoezi lililonigharimu asubuhi nzima kumfundisha bwawani.

Akanigeukia, akainua kidole gumba.

Nani asiyejua maana yake?
Fundi akishafunga injini, golikipa akishadaka:
safi, mambo mswano.
Lakini huku chini kidole hicho kina neno moja tu, twende juu,
na mwalimu habishani nacho
hata kikiwa cha baba yake.
Nikakirudisha. Nikamshika kizibao. Tukapanda, polepole.

Juu akautoa mpira mdomoni.
"Mbona umenitoa?"
"Wewe umesema tupande."
"Mimi nimesema ni kuzuri!"
Punda mmoja akalia, kwa kirefu,
nami nikakosa jibu bora kuliko lake.

Safari ya pili alifungia vidole gumba ndani ya ngumi.
Tukapita tumbawe lenye mikunjo ya ubongo,
mkunga anayefungua na kufumba kinywa
kama aliyesahau alichotaka kusema,
hadi pale mwamba unapokuwa mweupe.

Weupe anaujua. Alisimama akiutazama
jinsi alivyokuwa akitazama chumvi iliyo tayari kuvunwa.
Pembe za matumbawe, zote, mfupa mtupu.
Akaelekeza kidole kwao, kisha akanifungulia viganja:
hiki nini?

Nina ishara ya papa na ya kasa,
ya mkakamao wa mguu, ya hewa iliyokwisha.
Sina ishara ya maji yaliyokaa moto
wiki hadi wiki, na hakuna aliyeyaepua.
Nikauyumbisha mkono: kuna tatizo.
Hiyo tu.

Hakuhama. Mapovu yake yalitoka kwa utulivu,
mtungi bado ulikuwa na nusu.
Baadaye nikamuuliza: uko sawa?
Akafungua ngumi, akatafuta duara,
gumba na cha shahada,
vidole vilivyokauka kwenye mpini wa sepetu.
Duara halikufunga. Lilibaki na mwanya
ambao samaki mdogo wa buluu aliuchungulia, akapita.

Nikalisoma hivyohivyo, lilivyo wazi.